Fomu Arobaini na Mbili za Mkono Mmoja

Daktari hakuwa mtu wa kufurahi ovyo, lakini siku hiyo alifurahi mpaka akasahau chai yake ikapoa. Alizungusha skrini ya kompyuta ili mwanafunzi wake naye aone, akaigonga kwa ncha ya kalamu.

“Sifuri nukta tisa saba! Unajua maana yake? Majibu yameshikana kama tofali na saruji. Miaka kumi na tisa nasimamia wanafunzi, sijawahi kuona kitu kama hiki. Wajenzi wako wanasema kwa sauti moja, binti.”

Mwanafunzi akatabasamu, maana ukisifiwa na mtu asiyesifu huna la kufanya ila kutabasamu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mchoraji wa ramani za majengo, aliyeomba likizo ya mwaka mmoja kazini ili asome shahada ya pili. Kule saitini, kwenye ujenzi aliokwenda mara chache kuomba ruhusa ya utafiti, mafundi walimwita Daftari, kwa sababu hawakuwahi kumwona bila daftari kwapani. Nasi tumwite hivyo hivyo.

Alichokuwa anatafuta Daftari kilikuwa kitu kimoja. Kampuni tatu ambazo siku zote hunyang’anyana kazi zilikubaliana safari hii kujenga pamoja jengo moja, wodi ya wazazi ya ghorofa mbili. Moja ya zege na kuta, moja ya umeme, moja ya mabomba. Mkataba mmoja, ofisi moja, lawama moja. Sasa, watu wa namna hiyo wanaongozwa na nani? Mameneja walikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mwanzoni alitaka kukaa saitini miezi miwili, atazame, kisha awahoji mafundi mmoja mmoja. Daktari alicheka kwa pua.

“Kukaa juu ya ndoo unatazama watu wakifanya kazi si utafiti. Huo ni umbea wenye daftari. Mimi nataka namba.”

Akampa njia yake: dodoso la maswali ishirini, lipelekwe ofisi ya mameneja, wao waligawe, wao walikusanye, lirudi idarani kwenye bahasha. Kila swali lina visanduku vitano, kuanzia “sikubali kabisa” mpaka “nakubali kabisa”. Daftari alikubali. Bila sahihi ya Daktari hakuna shahada, na likizo yake ilikuwa inaisha baada ya wiki sita. Bahasha ilirudi, karani wa kompyuta wa idara akaingiza majibu, na leo ndiyo hii sifuri nukta tisa saba.

“Kuna swali moja tu lilikuwa linatuharibia,” Daktari alisema, akikumbuka chai na kuikunjia uso. “La kumi na nne. Nimelitoa. Andika sasa, mwisho wa mwezi unaleta tasnifu yote. Na hizi fomu zenyewe ukazihifadhi nyumbani. Sheria ya idara ni miaka mitano. Weka chini ya kitanda.”

Alipotoka, mhazili wa idara, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alimwona anahangaika na boksi la fomu na mkoba na mwavuli. Akainuka bila kuombwa, akalifunga boksi kwa uzi wa mafaili, akamtengenezea na kishikio. “Usije ukamwaga jasho lako barabarani, dada,” akasema, akarudi kukaa.

Daftari aliishi kwa shangazi yake, mwalimu mstaafu wa darasa la saba. Shangazi alikuwa mezani anachambua mchele aliposikia habari ya tisa saba. Akapiga vigelegele vya peke yake, akaenda kumwonyesha kwa mara ya nne gauni alilojishonea kwa ajili ya mahafali, la bluu, lenye mikono mipana.

“Mwaka huu nitakaa mstari wa mbele, hata wakinifukuza. Hebu nione hizo karatasi zilizotupa raha.”

Alifungua boksi, akavaa miwani, akaanza kufunua. Alifunua karatasi tano, sita, kumi. Mkono ukaanza kwenda polepole. Akarudi nyuma, akafunua tena.

“Mwanangu.”

“Bee, shangazi.”

“Hawa wameangaliziana.”

“Shangazi, hili si mtihani. Ni watu wazima, wanatoa maoni yao.”

“Mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja. Njoo hapa.” Akazipanga karatasi juu ya meza, moja kando ya nyingine, akisogeza sinia la mchele. “Tazama hii alama ya vema. Ina mkia mrefu, mwishoni unajikunja kama ndoano. Na hii. Na hii. Watu arobaini na wawili wamefundishwa vema na mwalimu mmoja? Halafu ona. Fomu hii, yote ‘nakubali kabisa’. Inayofuata, yote ‘nakubali’. Inayofuata, ‘kabisa’. Inayofuata, ‘nakubali’. Kama mtu anayepanga vigae vya bafuni!”

Daftari aliinama. Kidole chake kilishuka mpaka swali la sita: *Meneja wangu hutushirikisha kabla ya kuamua.* Nakubali kabisa. Kikashuka mpaka swali la kumi na nne, lile lililotolewa: *Meneja wangu huamua peke yake bila kutuuliza.* Nakubali kabisa. Kwenye fomu zote majibu ya maswali hayo mawili yalikuwa sawa. Mtu mmoja huyo huyo anashirikishwa na hashirikishwi, kwa kalamu moja, bila kupumua.

Lile swali liliwekwa pale kama mtego, ili kumnasa anayejaza bila kusoma. Lilinasa. Na Daktari alipoona mtego umenasa, aliutupa mtego.

Damu ilimpanda Daftari mpaka masikioni. Shangazi alimkusanyia karatasi zake kwa mpangilio ule ule, akamwekea chakula, akaenda chumbani. Daftari alisikia kabati likifunguliwa na gauni likirudishwa ndani.

Kesho yake alfajiri alidamka na hasira zake zote, akachukua boksi, akaenda saitini. Alitaka amkute mwenye vema za ndoano kabla mameneja hawajafika. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini. Mlinzi alimpa kofia ngumu, na alipoona inamzama mpaka kwenye nyusi, akamvua, akaikaza mkanda wa ndani, akamvisha tena kama anamvisha mwanawe.

“Kama ni habari ya hizo fomu, karani wa saiti yupo kontena la pili,” akasema. “Pole pole, Daftari. Uso wako leo unatisha.”

Karani wa saiti alikuwa mwanaume mwembamba wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mbele yake kulikuwa na rundo la karatasi. Daftari alitazama kabla hata ya kusalimia: mahudhurio ya mafunzo ya usalama, majina thelathini na nane, na mbele ya kila jina vema lenye mkia uliojikunja.

“Wewe ndiye uliyejaza madodoso yangu?”

“Ndiyo, dada!” Karani akainuka kwa furaha, akamsogezea kiti cha pekee kilichokuwemo humo ndani. “Nilikujazia yote. Yalikuja Jumatano mchana, meneja akasema yarudi Ijumaa. Siku hizo mbili watu walikuwa juu wanafunga nondo, nani angeshuka? Nikasema huyu dada wa watu asije akakwama kwa sababu yetu. Nilikesha nayo.”

Daftari alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njiani kama mawe mfukoni. Sasa hakujua atupe lipi.

“Lakini kaka, nilitaka mawazo yao! Wao wenyewe!”

“Fomu?” Karani alishangaa kwa dhati. “Dada, hapa fomu zote najaza mimi. Kofia, buti, mafunzo, ajali, choo kimesafishwa saa ngapi. Fundi akishika kalamu, kazi imesimama. Ndivyo tunavyofanya kila saiti niliyopita. Wakaguzi wenyewe wanajua, wanakuja wanahesabu vema, wanakwenda.”

“Na swali la kumi na nne? Umesema meneja anaamua peke yake. Halafu la sita ukasema anawashirikisha.”

Karani alichukua fomu, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Rangi ikamtoka.

“Ala! Hili linasema hivi? Mimi nilidhani yote yanamsifu.” Akaiweka chini kama imemuunguza. “Dada, zile fomu zilipita mezani kwake. Kwenda na kurudi. Ulitaka niandike nini? Nikawapa wengine ‘kabisa’, wengine ‘nakubali’ tu, isionekane kama tunajipendekeza.”

Hapo hasira ya Daftari ikakosa pa kukaa. Ilimtoka karani, ikazunguka kontena, ikaenda ikamkamata Daktari kooni, na ilipomaliza huko ikamrudia yeye mwenyewe. Maana ni nani aliyepeleka maswali kuhusu bosi yapitie mezani kwa bosi? Nani aliyejua kwamba ni makosa, akanyamaza kwa sababu ya sahihi?

Alikuwa bado amesimama mlangoni mwa kontena alipoona watu watatu kwenye pipa la maji.

Pipa lilikuwa kando ya mchanga, la kunawia. Mmoja alikuwa mwashi mzee waliyemwita Timazi, kwa sababu timazi yake ya shaba, ya kupimia kama ukuta umenyooka, haikumtoka shingoni, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenyooka hivyo hivyo. Wa pili mnyapara wa mafundi bomba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Wa tatu mnyapara wa umeme, kijana mrefu aliyekuwa anapiga mswaki.

“Ratiba inasema zege la ghorofa ya kwanza leo saa tatu,” alisema Timazi.

“Ratiba ina macho?” Yule mama wa mabomba alinawa uso kwa hasira. “Njia zangu za mabomba hazijawekwa upande wa chumba cha kujifungulia. Mkimwaga leo, kesho tutatoboa slabu kwa nyundo, na mtanisikia mpaka mnizike.”

“Tunakusikia hata usiposema,” alisema kijana wa umeme, mdomo umejaa povu.

“Wewe tema kwanza ndipo unitukane.”

Kijana akatema, wote wakacheka. Timazi akachora kwa kidole mchangani. “Wewe mrefu, vijana wako wanne wamekaa bure mpaka zege likauke. Mpe dada yako. Wakate mabomba, waweke, wafunge. Mimi nitaanza kumwaga upande wa ngazi, nije huku saa nane. Mmekubali?”

“Mimi nakubali. Lakini wasije wakafunga bomba kama wanafunga waya.”

“Utawafundisha.”

“Nitawafundisha kwa bakora.”

Wakatawanyika. Haikuzidi dakika kumi. Saa mbili mameneja watatu walifika, wakaingia kwenye ofisi yenye chati kubwa ukutani, majina yao matatu juu kabisa kwenye visanduku vya rangi. Dirisha lilikuwa wazi. Daftari alisikia mmoja akisema, “Timazi ameniambia zege la upande wa chumba cha kujifungulia saa nane. Tuandike hivyo.” Wakaandika hivyo.

Saa tatu vijana wanne wa umeme walikuwa wamepiga magoti juu ya nondo, wanafunga mabomba ya watu wa kampuni nyingine, na yule mama anapita juu yao akigusa kila kifungo kwa kiatu. Saa nane kasorobo akainua kidole gumba. Timazi akapiga mluzi, zege likaanza kushuka upande huo. Hakuna meneja aliyekuwa juu pale. Daftari aliona yote kutoka kwenye ngazi ya mbao, na kabla ya kuondoka alikuwa amejaza kurasa kumi na moja. Kwenye maswali ishirini ya Daktari hapakuwa na hata moja ambalo lingelikuta pipa la maji.

Kesho yake aliingia kwa Daktari bila kubisha mara ya pili. Akaondoa kikombe, akaondoa majarida, akazipanga fomu juu ya meza kama shangazi alivyozipanga.

“Shikamoo, Daktari. Tazama mikia.”

Daktari alitazama. Hakuwa mjinga, na ilimchukua muda mfupi. Alitoa miwani, akaifuta.

“Inasikitisha,” akasema. “Lakini namba zimeshaingia. Wewe utaandika kwamba madodoso yaligawiwa, na ni kweli yaligawiwa. Nani atakwenda kufunua maboksi chini ya kitanda chako?”

“Mimi nitajua.”

“Kujua hakuzuii mtu kuhitimu.”

“Daktari, hii ni wodi ya wazazi!” Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Kesho mtu anayetaka kujua kampuni zinawezaje kujenga pamoja atasoma tasnifu yangu, na itamwambia mambo yote ni mameneja watatu wanaoshirikisha watu vizuri kabisa. Ni uongo! Wale wanaolishika jengo lile wanasimama kwenye pipa la kunawia, na sisi hatukuwauliza. Uliniambia kukaa kwenye ndoo ni umbea. Sasa huu wa kwako tuuiteje?”

Kule nje mashine ya chapa ya mhazili ilinyamaza.

“Punguza sauti,” alisema Daktari. Shingo ilikuwa imemwiva. “Kama ni lazima, andika udanganyifu wa mhojiwa. Mtaje karani, uondoe fomu zake, ubaki na zilizo safi.”

“Hakuna iliyo safi. Na karani simtaji. Alifanya kazi yake kama anavyoifanya kila siku, tena kwa huruma. Waliokosea ni sisi. Tulimpelekea bosi maswali juu ya bosi, tukangoja tupate ukweli.”

“Basi tafuta msimamizi mwingine.”

“Sawa. Lakini sura ya tatu naiandika hivi hivi ilivyotokea. Njia tuliyochagua, nani aliichagua, fomu zilipita wapi. Na nitaandika swali la kumi na nne lilitolewa siku gani, na kwa sababu gani.”

Macho ya Daktari yakarudi kwenye fomu, yakashuka moja kwa moja mpaka swali la kumi na nne. Pengine miaka kumi na tisa iliyopita na yeye alikuwa na swali lililomnyima usingizi. Hatuwezi kujua, hakusema.

Mlango ulifunguka taratibu. Mhazili aliingia na karatasi moja, akaiweka kwenye nafasi ndogo iliyobaki mezani, kati ya mikia ya vema. Ilikuwa fomu ya kuomba kubadili njia ya utafiti. Alikuwa ameshaipiga chapa jina la mwanafunzi, namba yake, na tarehe.

“Nilidhani mtaihitaji,” akasema, akatoka.

Daktari alisoma mstari kwa mstari. “Ukibadili njia leo, mwaka huu huhitimu.”

“Najua.”

“Na likizo yako inaisha. Utakaa saitini saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanaamua kabla ya saa moja. Mimi naripoti kazini saa mbili.”

Daktari akasaini. Alisaini vibaya, kalamu ikakwaruza, na hakumtazama. “Ushuhudiaji, kisha mahojiano,” akaguna. “Na uandike kila siku, siyo unapojisikia. Umbea wenye tarehe, walau.”

Daftari hakumshukuru. Baadaye njiani alijilaumu kidogo, kisha akaacha kujilaumu.

Shangazi aliposikia, aliketi akichokonoa kucha. Gauni lilikuwa limelipwa kwa macho ya miezi miwili, maana hakushonewa, alishona mwenyewe. “Mwaka mmoja,” akasema mwishoni. “Nitakuwa nimenenepa. Ngoja nilifumue pembeni, niache nafasi.” Akaenda kutafuta mkasi.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, Daftari alisimama hatua kumi kutoka kwenye pipa. Safari hii hakupitia ofisini. Alimweleza Timazi anachotaka: akae pale, asikie, aandike, kisha awahoji faragha, na karatasi zake zisipite mezani kwa mtu yeyote.

“Mimi sina shida,” alisema Timazi, “lakini hapa hakuna anayekubali peke yake.” Akawageukia wenzake wawili. Wakainamisha vichwa vitatu juu ya pipa. Daftari alisikia sauti ya kengele ikisema, “Aandike na kwamba huyu mrefu hanawi masikio,” na vicheko.

Timazi akarudi. “Tumekubali, kwa sharti moja. Karani hapati usingizi tangu siku ile. Anadhani amekuharibia maisha na atafukuzwa.”

“Hatatajwa. Popote. Nimeshakataa.”

“Mwambie mwenyewe.”

Karani alikuwa amejibanza nyuma ya kontena, shati lake limepigwa pasi kama kawaida. Daftari alimwambia. Karani aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kisha akatoka mbio. Aliporudi alikuwa amebeba ndoo tupu ya rangi. Aliigeuza chini juu kando ya pipa, akaifuta juu kwa leso yake, akaifuta tena.

“Kaa, dada,” akasema. “Hii nimeshaiandika kwenye kitabu cha stoo. Ni yako mpaka jengo liishe.”

Daftari akaketi, akafungua daftari, akaandika tarehe.

“Haya,” alisema mama wa mabomba, akinawa uso. “Nani ameiba mafundi wangu wawili?”